Kiingereza cha kustaafu: retire, retired, retiring na maneno yanayoenda nayo

Kamwene wadau. Hii ni ya wale mnaokaribia kustaafu, mlioshastaafu, na watoto wenu pia maana mara nyingi nyie watoto ndo mnatumwa mkaandike hizo barua. Najua barua ya kwenda halmashauri siku hizi unaandika Kiswahili na mambo yanaenda, hiyo haina shida, ila mambo ya mstaafu hayaishii halmashauri. Kuna fomu ya viza ukitaka kwenda kumuona mtoto nje, kuna CV ya kuomba kazi ya muda kwenye mradi wa parachichi Rungwe au kampuni ya chai Mufindi, kuna barua ya usharika kwenda kwa marafiki wa Ujerumani, na huko kote watu wanataka Kiingereza. Mimi niko steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, kutype na kuprinti, hizi karatasi zinapita mikononi mwangu, na kinachoniuma ni kuona mtu katumikia nchi miaka thelathini na kitu, kapangiwa Chunya, kahamishiwa Makete, kamalizia Tukuyu, alafu sentensi moja tu inamfanya aonekane alifukuzwa, au ni mtu wa haya, na wengine wanaonekana kabisa wameshafariki. Haifai. Hebu tuelekezane.

Tuanze na kitenzi chenyewe, "retire". Kwenye maana ya kuacha kazi kwa sababu ya umri, anayestaafu ndo mtendaji, hahitaji mtu wa kumtendea. "I retired", "my father retired", "she will retire next year", basi imeisha, huongezi "was" wala "been" katikati. Shida inakuja mtu anapoandika "I was retired in 2021" akijua kasema nilistaafu 2021. Hapo amesema nilistaafishwa, yaani kuna mtu alimuondoa, na msomaji wa Kiingereza anaanza kujiuliza huyu alifanya nini huko kazini. Matumizi hayo yapo kweli, "the company retired him" ni kampuni ilimstaafisha, na sisi kwenye utumishi wa umma jambo lenyewe tunalijua vizuri, kustaafishwa kwa manufaa ya umma, "he was retired in the public interest". Kwahiyo "I was retired" ni sentensi iliyokaa sawa kisarufi ila imebeba habari nyingine, na ndo maana ni ya hatari, hata kompyuta haikuwekei ule mstari mwekundu. Sehemu pekee ambayo inapita salama ni pale unapoelezea hali uliyokuwa nayo wakati fulani, mfano "in 2021 I was already retired", mwaka 2021 nilikuwa nimeshastaafu. Hiyo "already" ndo inayokuokoa.

Alafu kuna suala la muda, hapa Kiswahili chetu kinatuponza sana. Sisi mtu akisema "nimestaafu mwaka 2019" au "nilistaafu mwaka 2019" zote zinapita, hakuna atakayekusumbua. Kiingereza hakikubali. Ukishataja mwaka au tarehe iliyopita, hiyo "have" itoe. Kwahiyo:

Siyo: I have retired in 2019.
Andika: I retired in 2019.

"I have retired" inakaa bila tarehe, pale unapompa mtu habari kwamba kwa sasa huko kazini haupo tena. Na ukitaka kusema tangu mwaka fulani mpaka leo uko hivyo, andika "I have been retired since 2019". Wengi wanaweka "I am retired since 2019", na kwa Mjerumani hiyo inapita kirahisi maana kwao ndo wanavyopanga sentensi hivyo hivyo, ila Mwingereza anaona kuna kitu kimepungua. Kwa siku zijazo una njia tatu nzuri, "I will retire on 30 June", "I am retiring in June", na "I am due to retire in June". Hiyo ya tatu mimi naipenda kwa barua za kiofisi kwa sababu ndani yake kuna maana kwamba tarehe inafika kwa mujibu wa taratibu, siyo kwamba umeamua tu asubuhi. Usiandike "I will retired", na "I am going to be retired" iache kabisa, inakurudisha kulekule kwenye kustaafishwa.

Kuna mwalimu mmoja wa kutoka upande wa Rungwe alileta maneno yake kwenye karatasi ya kaunta buku, mwandiko ule wa walimu wa zamani, kila herufi imechorwa. Mstari wa kwanza ulikuwa hivi: "I am a retired from primary school teacher since 2020 and I was retired by age." Ukiirudisha kwa Kiswahili unaona mzee hajakosea kufikiri hata kidogo, "mimi ni mstaafu wa ualimu wa shule ya msingi tangu 2020 na nilistaafu kwa umri", ila kila neno limehamishwa na mkao wake wa Kiswahili. Tukaibadilisha ikawa:

I am a retired primary school teacher. I reached the compulsory retirement age in 2020.

Akaisoma kwa sauti, alafu akaniuliza, "Mwanangu, mbona ile ya kwa umri umeitoa?" Nikamwambia hapana mwalimu, ipo, hiyo "reached the compulsory retirement age" ndo imebeba umri na imebeba sheria kwa pamoja, anayesoma anajua hapa hakuna kosa wala ugomvi. Akairudia tena mara ya pili, akaridhika.

Hapo kwenye "I am a retired" tukae kidogo maana ndo kosa ninaloliona kuliko yote. Kwetu mstaafu ni jina, linasimama lenyewe, mimi ni mstaafu, wale ni wastaafu. Kiingereza "retired" ni kivumishi, kinataka jina mbele yake: "a retired teacher", "a retired nurse", "a retired train driver", na hao madereva wa treni ukipita Iyunga kwenye stesheni ya TAZARA huwakosi. Kama hutaki kuweka jina, basi ile "a" itoe, unabaki na "I am retired", na imekamilika. Ukitaka jina kamili linalosimama kama mstaafu, lipo, "retiree", wingi "retirees". Na "pensioner" lipo pia ila maana yake imebana zaidi, ni mtu anayepokea pensheni. Mzee aliyekuwa na duka lake Kabwe miaka yote, kafunga, kakaa nyumbani, huyo ni "retiree" ila kama hana pensheni popote usimwite "pensioner". Wamarekani wanapenda "retiree", Waingereza utasikia sana "pensioner". Wanajeshi na polisi wana kifupi chao, Rtd, kinawekwa baada ya jina. "The retired" ipo, maana yake wastaafu wote kwa ujumla, haiongezewi s na haimhusu mtu mmoja.

Sasa "retired" na "retirement" zinachanganywa vibaya. Naletewa "retired letter", "retired benefits", "retired age". Jiulize kitu kimoja tu, hicho kitu chenyewe ndo kimestaafu? Mwalimu kastaafu, sawa, "retired teacher". Barua haijastaafu, hela haijastaafu, umri haujastaafu, hivyo vinahusu kustaafu, kwahiyo "retirement letter", "retirement benefits", "retirement age", na sherehe ya kuagwa ni "retirement party".

"Retiring" nayo ina pande mbili na zote mbili unaweza kukutana nazo. "The retiring headmaster" ni mwalimu mkuu anayestaafu sasa, hajaondoka bado au ndo anaondoka. Lakini "a retiring man" ni mtu mkimya, anayejitenga, asiyependa kuonekana mbele za watu. Hili neno lilianzia kwenye Kifaransa na maana ya kujivuta nyuma, ndo maana lina hiyo sura, na ndo maana utasoma pia mtu "retired to bed" usiku, hajaacha kazi, kaenda kulala. Kwahiyo kwenye barua ya kumpendekeza mtu ukiandika "she is a retiring teacher" msomaji anaweza kuelewa dada huyu ni wa haya, darasani hata sauti haitoki. Andika "she is retiring in December", hapo hakuna njia mbili. Wengine wakikwepa hapo wanakimbilia "outgoing", na yenyewe ina mtego wa upande wa pili, maana "the outgoing chairman" ni mwenyekiti anayemaliza muda wake ila "an outgoing person" ni mtu mchangamfu, wa watu. Ukiweka "the" na cheo chake mbele uko salama.

Twende kwenye mstaafu wa cheo. Sisi tumezoea Rais Mstaafu, na magazeti yetu ya Kiingereza yanaandika "retired president" kawaida kabisa, hapa nyumbani haina tatizo, ni heshima. Ila ukimwandikia mtu wa nje tumia "former President", mfano "former President Jakaya Kikwete". Tofauti ni kwamba "former" inasema alikishika hicho cheo kabla, "retired" inasema kamaliza kazi za ajira. Hii inakuja kusaidia sana kwenye vyeo vya huku kwetu chini. Mwalimu mkuu aliyehamishiwa ofisi ya elimu ya wilaya na bado anafanya kazi ni "former headmaster", siyo "retired headmaster". Akishastaafu kabisa, na kastaafia kwenye kiti hicho, ndo unaweza kusema "retired headmaster". Na kama mtu aliachia uongozi kwa hiari yake, kama Mwalimu Nyerere alivyong'atuka urais mwaka 1985, kitenzi kinachokaa vizuri ni "step down", "he stepped down in 1985".

"Ex-" iepuke kwenye barua za heshima, "ex-teacher" inasikika kama mtu ambaye ualimu haukumwendea vizuri. "My old teacher" nayo angalia, mara nyingi ina maana ya mwalimu aliyenifundisha zamani, siyo lazima awe mzee. Ila lililo baya kuliko yote ni "late". Kuna ratiba ya sherehe ililetwa nitoe kopi, kuna wageni wanakuja kutoka nje, na kwenye mistari ya wazungumzaji imeandikwa "speech by our late headmaster". Huyo mzee yupo, mzima wa afya, ndo alikuwa wa kwanza kutoa hotuba. Aliyeandika alitaka kusema aliyekuwa mwalimu mkuu wetu, lakini "late" mbele ya mtu ni marehemu. Iwe "our former headmaster". Jamani hili mkiliona kwenye karatasi ya mtu yeyote mzuieni kabla haijatoka.

Vihusishi vinavyofuata "retire" nitavipita haraka, ni vya kukariri tu. "Retire from" unapotaja kazi au ofisi, "from teaching", "from the civil service". "Retire as" unapotaja cheo, "she retired as a nursing officer". "Retire at 60" kwa umri, usiseme "with 60 years" wala "by age". "Retire in 2024" kwa mwaka, "on 30 June" kwa tarehe. "Retire on medical grounds" ukistaafu kwa ugonjwa. "After 34 years of service" kwa muda wa utumishi. Na "retire to" ni mahali ulipoenda kukaa baada ya kazi, "he retired to Tukuyu", hii ni nzuri kwa wale mliorudi kijijini kulima parachichi, kwa maneno mawili msomaji anajua uliko.

Kwenye umri kuna kitu cha nje inabidi ukijue, la sivyo hawatakuelewa. Huku kwetu mtumishi wa umma kwa kawaida anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na lazima astaafu akifika 60, kwahiyo tunasema "voluntary retirement" na "compulsory retirement" bila kufikiria. Marekani walishaondoa ulazima huo kwa kazi nyingi kuanzia 1986, na Uingereza mwaka 2011 walifuta utaratibu wa mwajiri kumstaafisha mtu kwa sababu tu kafika 65. Umri wanaoutaja wao, mfano Uingereza 66 unaopanda kwenda 67, ni umri wa kuanza kulipwa pensheni ya serikali, kazi unaweza kuendelea nayo. Sasa wewe ukimwandikia "compulsory" bila maelezo anaweza kudhani ni adhabu. Weka sentensi moja tu ya kufafanua: "In Tanzania, most public servants may retire at 55 and must retire at 60." Hapo "may" na "must" zinafanya kazi yote.

Na kama hukustaafu usiseme umestaafu. Nasema hivi kwa sababu wapo wengi waliotoka kwenye mashamba ya chai, viwanda vya mbao na makampuni ya ujenzi wa barabara, wanaandika "retired" kwa kila aina ya kuondoka kazini. Kama uliacha mwenyewe ni "I resigned". Kama kampuni ilipunguza watu ni "I was made redundant" kwa Mwingereza, "I was laid off" kwa Mmarekani, na "retrenched" tunayoipenda sisi inaeleweka Afrika hii hii zaidi kuliko huko kwao. Kama mkataba uliisha, andika "my contract came to an end". Tafadhali usiandike "I was terminated" kama mkataba uliisha kwa amani, hiyo ni kufukuzwa, na nimeona kijana wa Mafinga kaiweka kwenye CV mara tatu, kila kazi aliyomaliza mkataba kaandika hivyo. Nani atamwita kwenye usaili?

Kwenye hela nitakaa maana hapa ndo mtu anahitaji kueleweka. Mafao kwa ujumla ni "retirement benefits". Ule mkupuo wa mwanzo ni "lump sum", ile ya kila mwezi ni "monthly pension", kiinua mgongo kinacholipwa mara moja mwisho wa mkataba ni "gratuity". Kikokotoo usiandike "calculator", hiyo ni mashine ya kujumlisha, andika "the pension formula". Kitendo cha kuchukua sehemu ya pensheni kwa mkupuo kina kitenzi chake, "commute", "I commuted part of my pension", ni kilekile ambacho mtaani wanakijua kwa maana ya kusafiri kila siku kwenda kazini, usishtuke ukikikuta kwenye fomu ya mafao. Unachangia mfuko, "contribute to", unapokea pensheni, "receive" au "draw a pension". Na majina ya mifuko yaandike marefu, mtu wa nje hajui PSSSF ni nini, andika "the Public Service Social Security Fund", na kama ulikuwa PSPF, LAPF, GEPF au PPF ongeza kwamba mifuko hiyo iliunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, "merged in 2018", ili karatasi zako za zamani zisionekane za mfuko usiokuwepo.

Vivumishi vya hela ni vichache ila vina uzito. "Eligible for" maana yake una sifa za kuweza kupata, "entitled to" maana yake ni haki yako. Mtu aliyechangia miaka yake yote na kastaafu kwa taratibu aandike "I am entitled to a pension", asijishushe. Malipo ambayo tarehe yake imefika ni "due", yakipitiliza tarehe ni "overdue". Ukiwa unadai usiandike "my pension is late", andika "my pension is two months overdue", au kama unataka kupoza kidogo, "my pension for March has not yet been paid". Ajira ya kudumu yenye pensheni ni "permanent and pensionable", hii haina haja ya kubadilishwa, iko vilevile kwenye barua zenu za ajira za zamani, nakili.

Kuna "retire" nyingine ya maofisini kwetu, ya masurufu. Umepewa hela ya safari, umerudi na risiti, mhasibu anakwambia karetire masurufu. Hapa Tanzania "retire the imprest" ni sahihi na kila mhasibu anaijua. Ukiipeleka kwa mfadhili wa nje ambaye hajawahi kufanya kazi huku, anabaki anashangaa hela inastaafu vipi. Mwandikie "I have accounted for the advance and attached the receipts", ni kitu kilekile.

Sasa tuweke pamoja. Hii ni barua fupi ya mstaafu wa kilimo anayeomba kazi ya muda, ichukue, badilisha yanayokuhusu:

I am a retired agricultural officer living in Rungwe District. I retired from the civil service in June 2022, at the age of 60, after 33 years of service. Before I retired, I was responsible for training farmers in coffee and avocado production. I have been retired since then, but I am in good health and available for part-time work.

Angalia "retired" zilizomo, ya kwanza kivumishi mbele ya kazi, ya pili kitenzi chenye tarehe, ya tatu kitenzi tena, ya nne hali inayoendelea, na "was" iliyomo ni ya "was responsible", haijaigusa "retired". Kabla hujaprinti, pitisha macho kila penye "was retired", "am a retired" na "late", ukiikuta mojawapo simama hapo kwanza.

Kwenye fomu ya viza, pale panapouliza hali ya ajira chagua "Retired", usichague "Unemployed" eti kwa sababu huna kazi sasa, hiyo ni ya mtu anayetafuta kazi. Penye "Occupation" andika kazi uliyoifanya, "Retired teacher" au "Retired nurse". Penye chanzo cha kipato andika "Monthly pension", ongeza na shamba kama lipo, "Monthly pension and farming", na uambatanishe taarifa ya benki inayoonyesha hiyo pensheni ikiingia.